Herufi za Kuchezacheza kwenye Mabango ya Nakuru

Fonti zinazoiga mwandiko wa mkono, ambazo herufi zake huyumba juu na chini ya mstari kana kwamba zimepigwa kwa brashi na mtu mchangamfu, ni miongoni mwa fonti za maonyesho, yaani zile zinazobuniwa kwa maneno machache makubwa wala si kwa matini ndefu. Iliyo maarufu kuliko zote, na pengine inayodharauliwa kuliko zote, ni Comic Sans, ambayo Vincent Connare wa Microsoft aliibuni mwaka 1994 baada ya kumwona mbwa wa katuni katika programu moja akizungumza kwa herufi za Times New Roman, zenye urasmi usiomfaa mbwa.

Huko Nakuru, iliyoingizwa na UNESCO katika mtandao wa miji bunifu mwaka 2021 kwa ufundi na sanaa zake za jadi, na kupewa hadhi ya jiji Desemba mwaka huohuo, fonti hizi hukabiliana na mshindani aliye hai: fundi wa mabango, anayeandika kwa rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya mabati ya kibanda au ukuta wa kinyozi. Mkono wake hauwezi kurudia umbo lilelile mara mbili, na hapo ndipo kompyuta huumbuka, kwa kuwa Kiswahili hurudia irabu a kupita kiasi. Neno SALAMA likiwa na a tatu zilizoinama sawasawa, msomaji huhisi hila hata asipoweza kuieleza. Fonti iliyotungwa kwa uangalifu huwa na maumbo kadhaa ya kila herufi yanayopokezana zamu, ingawa wabunifu wengi, wakiwa na Kiingereza akilini, huishia kwenye jozi kama tt na ll, ambazo Kiswahili hakina haja nazo.

Mtihani mgumu zaidi ni wa Kikuyu, kinachozungumzwa sana kuanzia Naivasha hadi Molo na kuandikwa kwa irabu ĩ na ũ. Seti ya herufi ya Latin-1, ambayo fonti nyingi za bure haziivuki, ina ã, ñ na õ lakini haina hizo mbili. Kwa hiyo katika neno gĩtheri kompyuta huazima ĩ kutoka fonti nyingine, nayo husimama wima kati ya wenzake wanaocheza.

Fonti ya namna hii huipendeza chekechea, saluni au menyu ya chipsi, mradi ibebe jina tu. Kando ya barabara kuu ya Gilgil na Salgaa, ambako dereva hupata muda mfupi mno wa kusoma, haifai, na kwenye namba ya till ya Lipa na M-Pesa ni hatari kabisa, maana 1 na 7 zilizochorwa kwa madaha zikifanana, malipo ya mteja huweza kuishia katika duka la mtu mwingine.