Mama wa mtu asitajwe: tambo na matusi katika mashindano ya gemu

Tarehe 8 Januari 2018 Mmarekani mmoja, Tyler Steinkamp, ambaye wachezaji wa gemu wanamfahamu kwa jina la Tyler1, aliwasha kamera yake akacheza gemu la League of Legends mubashara kwenye jukwaa la Twitch. Walimtazama zaidi ya watu 350,000 kwa wakati mmoja. Siku hiyo hakukuwa na fainali wala kombe. Kilichowakusanya ni kwamba alikuwa anatoka kifungoni. Aprili 2016 kampuni ya Riot Games, wenye gemu hilo, ilimfungia yeye mwenyewe, siyo akaunti yake tu, ikatangaza kwamba akaunti yoyote atakayoonekana akiitumia itafungwa papo hapo. Alikwisha kupoteza akaunti zaidi ya 20 kwa matusi na kwa tabia ya kujipeleka makusudi auawe na wapinzani, ili kuwakomoa wenzake wa timu moja waliomuudhi.

Kila ninapokaa na waandaaji wa mashindano, umati ule lazima utajwe. Wananiambia: unaona, watu wanamtaka mtukutu, ukiwafunga wachezaji midomo nani atatazama? Hoja hiyo ina nguvu na siidharau. Nimekuwa mwamuzi wa mashindano madogo ya gemu hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na najua fainali ya vijana wawili waliokaa kimya kama wako kwenye mtihani inavyopoza ukumbi. Watu wanaanza kuangalia simu. Lakini wanaoitaja Januari ile wanasahau kilichotangulia. Tyler1 aliruhusiwa kurudi baada ya Riot kumfuatilia na kuridhika kwamba amejirekebisha. Kelele hazikuisha, bado alikuwa akipayuka mbele ya kamera yake. Kilichokwisha ni kuwaharibia mechi watu wanne aliopangiwa kucheza nao. Na umati ulijaa hata hivyo.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kina majina mawili tofauti kwa vitu ambavyo wengine huviweka kapu moja. Kuna tambo, na kuna matusi. Gazeti la michezo likiandika kwamba tambo zimepamba moto kuelekea mechi ya Simba na Yanga, hakuna anayedhani watu wametukanana. Mtambaji anajisifu, anamkejeli mpinzani kwa jinsi anavyocheza, anaahidi mabao. Mtukanaji anauacha mchezo na kumwendea mtu: kabila lake, rangi yake, jinsi yake, mama yake.

Nililielewa jambo hili mapema, kwenye kibanda cha gemu nilikokulia, Magomeni. Televisheni mbili, benchi moja, pedi zilizofungwa mpira wa baiskeli kwenye waya. Sheria ilikuwa mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Tulitamba kutwa nzima. "Dogo, shika pedi vizuri, hiyo siyo sabuni." "Kaka, leo unarudi nyumbani na tano bila." Mwenye kibanda, mtu mzima tuliyemwita Mjomba, hakutugombeza. Alikuwa na agizo moja tu, na alilisema bila kupandisha sauti: "Tambeni mnavyotaka, mama wa mtu asitajwe." Aliyekosea alitolewa nje hata kama alikuwa amelipia mechi tatu mbele, na hela hakurudishiwa.

Sikujua wakati ule kwa nini mpango ule ulifanya kazi. Sasa nadhani najua. Tambo zina gharama. Ukitamba kisha ukafungwa, unatoa pedi mkononi mwa yule yule uliyemkejeli, bega lake likiwa limegusana na lako, na benchi zima linakucheka. Kwa hiyo unapima maneno, na unajitahidi zaidi usije ukaumbuka. Anayetukana kupitia intaneti halipi chochote. Anaandika, anatoka, anafungua mechi nyingine na watu wengine.

Dota 2 inaonyesha tofauti hii wazi kuliko gemu lolote ninalolijua. Agosti 2019, huko Shanghai, timu ya OG ilitwaa ubingwa wa The International kwa mara ya pili mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifanya kabla yake, katika mashindano yaliyokuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 34. Njiani waliifunga PSG.LGD ya China 2-1 mbele ya mashabiki wa China, kisha wakaifunga Team Liquid 3-1 kwenye fainali. Na walitamba mwanzo hadi mwisho. Ndani ya Dota 2 kuna kauli zilizorekodiwa, nyingi zikiwa ni vilio na vicheko vya watangazaji wa lugha mbalimbali, ambazo mchezaji huzibonyeza zikasikika kwa pande zote mbili. OG walizimwaga kila walipoua mtu, na mara nyingine hata walipouawa wao. Mpinzani anayejaribu kupanga mashambulizi anasikia kicheko juu ya kicheko. Ilikuwa silaha ya kumtoa mtu mchezoni, na waliitumia kwa furaha iliyoonekana machoni. Lakini angalieni ilivyo: kauli zimewekwa na wenye gemu, kila upande unazo, kila upande unaweza kujibu, na hakuna hata moja inayomwambia mtu kwamba kwa asili yake hastahili kuwepo pale.

Sasa rudini nyuma miezi tisa. Novemba 2018 mchezaji wa Ufilipino anayeitwa skem, akiwa na timu ya compLexity, aliandika kwenye mechi rasmi dhidi ya timu ya China neno la kuwadhalilisha Wachina kwa asili yao. Siku chache baadaye Mfilipino mwingine, anayeitwa Kuku, wa timu ya TNC, aliandika neno la namna hiyo kwenye mechi ya kawaida ya mtandaoni. Mashabiki wa China, ambao ni nguzo ya Dota 2, walichafukwa. skem alitozwa faini na timu yake ikaachana naye. Valve, wenye gemu, walisema wanatarajia kila timu iwawajibishe wachezaji wake, na Kuku akazuiwa kwenda kucheza mashindano makubwa ya Chongqing ya Januari 2019. Neno moja, lililoandikwa kwa sekunde mbili, likaigharimu timu mchezaji wake tegemeo na kuwaachia mashabiki wa nchi mbili uhasama usiohusiana kabisa na mchezo. OG waliwafunga Wachina nyumbani kwao huku wakiwacheka na wakaondoka na kombe. Sioni namna ya kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja.

Ipo pia hoja ya kiufundi, kwamba maneno humvunja mpinzani. Mwaka 2018 Jeremy Yip, Maurice Schweitzer na Samir Nurmohamed walichapisha utafiti kuhusu kejeli katika mashindano, na matokeo yake yanapaswa kumfanya kila mtambaji afikiri. Aliyekejeliwa alimwona mkejeli kama hasimu, akaongeza juhudi, na kwenye kazi iliyohitaji juhudi akafanya vizuri zaidi. Yaani ulidhani unambomoa kumbe unampa chakula. Kwenye kazi iliyohitaji ubunifu, hapo kejeli zilimharibia. Na kulikuwa na jambo la tatu lisilopendeza: aliyekejeliwa alikuwa mwepesi zaidi wa kudanganya ili ashinde. Kwa mchezaji hii ina maana ya moja kwa moja. Ukimkejeli mpinzani ambaye kazi yake ni kukaza tu na kujituma, umemsaidia. Ukimkejeli anayetakiwa kubuni njia mpya dakika hiyo hiyo, kama OG walivyowafanyia wapinzani wao, huenda ukamvuruga.

Lakini yote hayo yanahusu maneno kwa mpinzani, na hapo ndipo mjadala huu unapopotea njia. Katika gemu za timu, sumu nyingi humwagwa ndani ya timu yenyewe. Kompyuta inakupanga na watu wanne usiowajua. Dakika ya nane mmoja wao anakosea, anakufa. Unaanza kumwandikia. Tazama mikono yako: kibodi ile ile unayochezea ndiyo unayoandikia, na vidole vilivyo kwenye herufi haviko kwenye mchezo. Naye anakujibu, vidole vyake vimetoka pia. Wapinzani wana watu watano, nyie mmebaki watatu. Nimekaa nyuma ya viti vya timu nyingi na nimeiona mechi ikifia hapo, wakati ubao wa matokeo bado unaonyesha mnakaribiana.

Jeffrey Lin, mwanasaikolojia aliyeongoza kazi ya Riot kuhusu tabia za wachezaji, alieleza mwaka 2014 jambo lililowashangaza wengi. Wale watukanaji sugu walihusika na takriban asilimia 13 tu ya tabia mbaya. Asilimia 87 ilitoka kwa watu wa kawaida, wastaarabu siku nyingi, waliokuwa na siku mbaya. Riot walipobadilisha mpangilio ili kuchati na wapinzani kuwe kumezimwa mpaka mchezaji mwenyewe awashe, lugha mbaya ilipungua kwa zaidi ya asilimia 30 na lugha njema ikaongezeka kwa karibu asilimia 35, na watu waliendelea kuchati kama kawaida. Swichi moja. Hakuna aliyefungiwa wala aliyehubiriwa, na hakuna shujaa mtukutu aliyepotea.

Mtu akiniambia kwamba hasira ndiyo inayowafanya mabingwa, humtajia Greg Fields, aliyejulikana kama IdrA. Mmarekani huyu alicheza gemu la StarCraft kwa kiwango cha juu kiasi kwamba alikwenda Korea Kusini kufanya mazoezi na wakali wa huko. Alikuwa mwenye kisirani, na kwa hilo alipendwa. Kwenye StarCraft anayeshindwa huandika "gg", yaani ilikuwa mechi nzuri, kabla hajatoka, na ni ada inayoheshimiwa kama kupeana mikono. IdrA mara nyingi alitoka bila kuiandika. Katika mechi moja mashuhuri dhidi ya Chris Loranger, anayeitwa HuK, aliona kundi la vyombo vya angani likimjia, akakata tamaa, akaondoka. Vyombo vile vilikuwa kiini macho. Jeshi la HuK lina uwezo wa kutengeneza vivuli visivyoweza kuua hata mdudu, na IdrA hakusubiri kuhakikisha. Hasira hasara. Mei 2013, baada ya kuwaandikia mashabiki maneno machafu na kujigamba kwamba analipwa kuwafanyia hivyo, timu yake ya Evil Geniuses ilimfukuza. Nakiri kwamba StarCraft ilipata msisimko kwa kuwa naye, watu walikesha wakisubiri afungwe. Ila walichokuwa wakikitazama ni kipaji kikijila chenyewe.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye skrini kabisa, nayo ni watu wasiokuja. Februari 2012 Capcom walirusha shindano la mtandaoni la kutangaza gemu lao jipya la kupigana. Mchezaji mwanamke alivumilia siku kadhaa za maneno kuhusu mwili wake kutoka kwa kocha wa timu yake mwenyewe, mpaka akajitoa. Kocha alipoulizwa alijitetea kwamba hayo ni sehemu ya utamaduni wa gemu za kupigana, ingawa baadaye aliomba radhi. Mwaka 2015 Michael Kasumovic na Jeffrey Kuznekoff walichapisha uchunguzi wa mechi za gemu la Halo 3, wakaona kwamba wanaume waliomshambulia mwenzao mwenye sauti ya kike ni hasa wale waliokuwa wakicheza vibaya. Wanaume wenye uwezo mkubwa walikuwa wapole kwake zaidi. Ninawaomba wanaosema lugha chafu ni alama ya ukali wa ushindani wautafakari utafiti huo kwa muda. Aliyetukana ni yule aliyeogopa kupitwa.

Kenya ina Sylvia Gathoni, QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kucheza Tekken, gemu la ukoo huo huo wa kupigana. Namtazama nikifikiria wasichana waliosimama mlangoni mwa vibanda vyetu, wakasikia yanayosemwa ndani, wakapitiliza.

Kwa hiyo kwenye mashindano ninayoyasimamia nimechukua sheria ya Mjomba kama ilivyo. Kutamba ni ruksa, kwa mdomo, ana kwa ana, mpinzani akiwa amekaa kiti cha pili. Kuchati na upande wa pili kunazimwa. Anayemtukana mwenzake wa timu anapewa onyo kama aliyemtukana mpinzani, na jambo hili ndilo linalobishiwa zaidi, kwa sababu vijana wengi wanaamini mtu wa timu yako unaruhusiwa kumwambia lolote. Asili ya mtu, jinsi yake au mama yake akitajwa, hakuna onyo, ni mlango.

Fainali ya mwisho niliyochezesha ilikuwa ya gemu la mpira, kwenye ukumbi mdogo Sinza. Vijana wawili walitambiana dakika zote, ukumbi ukisimama kila bao. Aliyekuwa na mdomo zaidi akafungwa 3-2, bao la mwisho likiingia muda wa nyongeza. Alikaa kidogo akiitazama skrini. Kisha akainuka, akaigeuza pedi ili kitako kimwelekee aliyekuwa anafuata kwenye mechi ya maonyesho, akamkabidhi, akampa mkono aliyemfunga.

"Kesho saa kumi," akamwambia. "Na usije ukaniambia mtoto anaumwa."