Hatima ya Hadithi: Mapenzi ya Wanawake Wawili katika Michezo ya Awali ya Televisheni

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi hadithi za awali za mapenzi baina ya wanawake zilivyowaathiri watazamaji wa televisheni, hasa katika Uingereza, Marekani na Brazil, nchi ambazo habari za michezo yake zimeandikwa kwa wingi. Si kazi yangu hapa kuamua kama mapenzi hayo ni mema au mabaya. Shauri hilo lina mahali pake na watu wake. Ninalolitafuta ni jambo la maana: mtu akionyeshwa hadithi ya namna fulani kwa mara ya kwanza, huipokeaje, na mwisho wake humfundisha nini? Dai langu ni kwamba nguvu ya hadithi hizi haikuwa hasa katika busu lililopigiwa kelele magazetini, bali katika hatima waliyopewa wapenzi baada ya busu hilo. Hatima hiyo nayo ilipata nguvu kubwa mno kwa sababu hadithi zenyewe zilikuwa chache.

Kwanza yatupasa kusema kidogo juu ya majina. Kiswahili kina neno msagaji, lililotokana na kitenzi kusaga. Neno hili limeundwa kwa kutazama tendo la mwili tu. Halisemi lolote juu ya upendo, wivu, ahadi, wala huzuni ya kuachwa, na aghalabu hutamkwa kwa kutukana. Kwa hiyo halifai kutaja yaliyosimuliwa katika michezo hii, ambayo karibu yote ni habari za upendo na misiba yake. Nitasema wanawake wapendanao, na maana yangu iwe hiyo tu.

Mwanafunzi wa lugha ajua kwamba neno lililosikika mara moja ni gumu kulifasiri. Tuseme mgeni amefika Pwani, na neno mbuzi amelisikia jikoni tu, wakati wa kukuna nazi. Ataondoka akiamini kwamba mbuzi ni kigoda chenye chuma cha meno, basi. Masikio yake hayakumdanganya, wala aliyemwambia hakusema uwongo. Kilichomponza ni uchache wa mifano. Akilisikia neno lile lile malishoni, na sokoni, na penye karamu, ndipo atakapolijua kwa upana wake. Hadithi nazo ni vivyo hivyo. Mtu aliyekwisha kuona hadithi elfu za mume na mke huona moja imekwisha kwa msiba na nyingine kwa arusi, wala hasemi kwamba kila ndoa ni msiba. Lakini yule aliyeona hadithi moja tu ya wanawake wapendanao katika miaka mingi, hiyo moja kwake si mfano tena, ni sheria.

Televisheni haikuzua hatima hizo, ilizirithi. Kanuni za watengenezaji wa filamu wa Marekani, zilizotiliwa nguvu tangu mwaka 1934 hata 1968, kwa muda mrefu zilikataza mapenzi ya namna hii yasionyeshwe wala yasidokezwe. Katika vitabu hali ilikuwa karibu na hiyo. Mwaka 1952 Marijane Meaker, kwa jina la Vin Packer, alitoa riwaya iitwayo Spring Fire. Kwa maelezo yake mwenyewe, mhariri alimtaka asiwape wasichana wake wawili mwisho wa furaha, kwa kuhofia kwamba posta ingevizuia vitabu. Basi mmoja akapatwa na wazimu, na mwenziwe akaona kwamba hakumpenda kamwe. Mwaka huo huo Patricia Highsmith, kwa jina la Claire Morgan, alitoa The Price of Salt, ambayo wanawake wake wawili huachwa na tumaini la kuishi pamoja. Kwa miaka mingi baadaye alipokea barua za wasomaji. Barua hizo ni ushahidi mzuri wa jambo letu, kwani wengi walimshukuru kwa sababu, kwa mara ya kwanza, walikuwa wamesoma hadithi ya watu kama wao ambayo haikwishia kaburini.

Sasa tuitazame televisheni yenyewe, tuanze na mwaka 1974, ambao waonyesha njia mbili zilizokuwa wazi wakati ule. Tarehe 25 Februari shirika la BBC lilionyesha mchezo mfupi uitwao Girl, habari za wanawake wawili askari, walioigizwa na Alison Steadman na Myra Frances. Busu lao hutajwa kuwa la kwanza baina ya wanawake katika televisheni ya Uingereza. Mmoja ana mimba na anaondoka jeshini. Mapenzi yao yamekwisha, lakini hakuna aliyefanywa mwovu. Tarehe 8 Novemba shirika la NBC la Marekani lilionyesha sehemu ya mchezo wa Police Woman ambayo ndani yake wanawake watatu wapendanao, wenye kuendesha nyumba ya wazee, huwaibia na kuwaua wazee wale. Mwezi ule ule wanawake wa chama kimoja cha New York waliingia katika ofisi za NBC kupinga. Hawakukana kwamba mwanamke apendaye mwanamke aweza kuwa mwuaji. Walijua kwamba watazamaji wengi hawakuwa na mfano wa pili wa kuuweka kando ya huo.

Brazil yatupa mfano wa namna nyingine. Katika mchezo wa mfululizo wa Vale Tudo, ulioonyeshwa na TV Globo mwaka 1988, Cecília na Laís waliishi pamoja na kuendesha nyumba ya wageni katika mji wa pwani wa Búzios. Cecília akafa katika ajali ya gari, na ndugu yake akaitaka mali. Hapa kifo hakikuwa adhabu. Kilikuwa mlango wa swali la mirathi. Watazamaji waliombwa wapime kama mwenzi aliyefanya kazi miaka yote ana haki katika jasho lake. Hata hivyo lazima tukiri kwamba swali lile liliulizwa kwa gharama ya mmoja wa wapenzi wenyewe.

Katika Marekani, tarehe 7 Februari 1991, wanasheria wawili wa mchezo wa L.A. Law, C.J. Lamb na Abby Perkins, walibusiana. Gumzo likawa kubwa, kisha hadithi ikakatika. Abby akaondoka mchezoni mwaka ule ule. Katika Uingereza, Januari 1994, mchezo wa Brookside, uliotungwa juu ya mtaa mmoja wa Liverpool, ulionyesha busu la Beth Jordache na Margaret Clemence kabla ya saa tatu za usiku, saa ambazo watoto bado wapo mbele ya televisheni. Beth alikuwa msichana aliyependwa na watazamaji kwa ujasiri wake mbele ya baba mkatili. Mwaka 1995 alifia gerezani kwa maradhi ya moyo. Lakini jambo moja lafaa kuangaliwa. Katika sherehe ya kufungua michezo ya Olimpiki ya London, tarehe 27 Julai 2012, busu lile liliingizwa miongoni mwa picha za kumbukumbu za taifa. Kifo hakikuingizwa. Watazamaji, basi, si mitungi ya kujazwa tu. Miaka ikipita waweza kuchagua watakachokihifadhi.

Mfano ujulikanao zaidi ni wa Ellen. Tarehe 30 Aprili 1997 shirika la ABC la Marekani lilionyesha sehemu ambayo Ellen, mwenye mchezo, akiwa uwanja wa ndege, hujaribu kumwambia mwanamke ampendaye hali yake. Neno lamkwama kooni. Ajaribu tena na tena, kisha lamtoka bila ya yeye kujua kwamba ameegemea kipaza sauti, na abiria wote walisikia. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 42. Kwa mtu wa isimu, kiini cha tukio hilo ni ule ugumu wa kutamka. Mtazamaji asiyehusika alionyeshwa uzito wa neno dogo. Na yule anayehusika aliona kwamba kigugumizi kile hakikuwa chake peke yake. Kituo cha mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kilikataa kuuonyesha mchezo huo, na wenyeji wakakusanyika katika ukumbi mkubwa wa mji wakautazama kwa setilaiti. Watu hawaendi ukumbini usiku kutazama kichekesho cha televisheni, ila kama wanaona kwamba yanayosemwa humo yanawahusu wao. Mwaka uliofuata mchezo ulifutwa.

Wataalamu wamejaribu kueleza jinsi athari hiyo ifanyavyo kazi. Mwaka 1954 Gordon Allport alisema kwamba kukutana kwa hali njema hupunguza chuki baina ya makundi ya watu. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji ajionavyo kuwa na urafiki na mtu wa televisheni ambaye hajapata kukutana naye. Mwaka 2005 Edward Schiappa na wenziwe waliyaunganisha mawazo haya mawili, wakaonyesha kwamba urafiki huo wa kioo nao waweza kupunguza chuki, hasa kwa mtu asiye na jirani wa namna hiyo. Uchunguzi wao ulikuwa zaidi juu ya michezo yenye wanaume, lakini hoja yafaa hapa pia. Kama mhusika huwa jirani, basi kifo chake ni msiba wa jirani, na adhabu yake ni onyo kwa wote wanaofanana naye.

Ndiyo maana vifo vilivyofuata vilipokewa kwa uchungu ambao watungaji hawakuutazamia. Mwaka 1998, katika mchezo wa Torre de Babel wa Brazil, Rafaela na Leila waliuawa katika mlipuko wa jumba la maduka baada ya watazamaji wengi kuwakataa. Hapo hatima iliandikwa na watazamaji wenyewe. Tarehe 7 Mei 2002, katika Buffy the Vampire Slayer, Tara aliuawa kwa risasi iliyopita dirishani, saa chache baada ya kupatana na mpenziwe Willow. Tarehe 3 Machi 2016, katika The 100, Lexa naye aliuawa kwa risasi isiyomlenga yeye, mara tu baada ya kukutana na Clarke kimapenzi. Mtungaji mkuu alitoa maneno ya kuomba radhi mwezi ule ule. Watazamaji walichanga zaidi ya dola 100,000 kwa shirika la Trevor Project, ambalo huwasaidia vijana wenye mawazo ya kujiua, na mwaka 2017 wakafanya mkutano wao wa kwanza Las Vegas. Mtu hachangii shirika la namna hiyo kwa sababu ya hadithi tu. Walichanga kwa kuwa walijua ni vijana gani waliokuwa wakitazama.

Huenda msomaji akauliza: je, wahusika wengine hawafi? Wanafa, tena kwa wingi, na mtungaji hawezi kufungwa mikono asiue mtu mchezoni. Jawabu ni lile la mbuzi. Mume akifa katika hadithi moja, wamebaki waume elfu katika hadithi nyingine. Lakini wapenzi wa namna hii walipokuwa wawili tu katika televisheni nzima, kumwua mmoja kulikuwa ni kuimaliza hadithi yote.

Afrika Mashariki imegusa habari hii kwa njia ya filamu. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu iitwayo Rafiki, habari za wasichana wawili wa Nairobi. Alieleza kwamba jina hilo alilichagua kwa sababu wapenzi wa namna hii hutambulishana mbele ya watu kwa neno rafiki, na ukweli hubaki umefichwa ndani ya neno hilo. Filamu ilipigwa marufuku nchini mwake mwezi wa Aprili, nayo ikawa ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Septemba mahakama iliiruhusu kwa siku saba, na watu wakajaza sinema. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ya filamu ilikuwa imemtaka aubadili mwisho, kwa kuwa uliacha tumaini mno. Msomaji atamkumbuka yule mhariri wa mwaka 1952. Baina yao iko miaka 66 na bahari kubwa, na wote wawili waliiacha hadithi yenyewe ipite, wakaushika mwisho wake. Walijua vema kwamba mafunzo ya hadithi hukaa hapo.

Mwaka 2025 mchezo wa Vale Tudo ulitungwa upya. Safari hii Cecília alipata ajali, akapona. Wenye kuikumbuka hadithi ya 1988 sasa wanazo hatima mbili za watu wale wale, na waweza kuzilinganisha. Hivyo ndivyo maana inavyopanuka, kwa mfano wa pili na wa tatu, wala si kwa mfano mmoja uliotungwa bila ya ila.

Napendekeza kwamba wachunguzi wa fasihi yetu wakitumie kipimo hiki kwa wahusika wengine walio adimu katika tamthilia na riwaya za Kiswahili: mwanamke asiyezaa, kipofu, zeruzeru, mjane kijana. Na waulize mambo mawili tu kwa kila mmoja: ameonekana katika kazi ngapi, na katika ngapi ameachwa hai. Majibu yakikusanywa, tutaweza kujua wasomaji wetu wamekuwa wakifundishwa nini bila ya mwalimu yeyote kukusudia kuwafundisha.