Windhoek, mji unaokunywa maji yake mara ya pili

Mjini Windhoek, makao makuu ya Namibia, maji yaliyopita chooni hurudi jikoni. Hayaishii kumwagilia bustani wala kuosha magari. Yananywewa, na yamekuwa yakinywewa tangu 1968, zaidi ya miaka 20 kabla nchi hiyo haijapata uhuru.

Anayeona kinyaa atazame ramani kwanza. Mvua ya Windhoek ni wastani wa milimita 360 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji ya mabwawa yake huishia kuwa mvuke. Mito ya jirani ni makorongo ya mchanga yanayotiririka siku chache za masika. Mto wa Okavango, ambao haukauki, uko mbali, kilomita 700 hivi, tena Angola na Botswana nazo zinautegemea. Wahandisi wa mji walipotafuta chanzo kilicho karibu na kisichopungua hata wakati wa ukame, walikipata kwenye mabomba ya maji taka.

Mtambo wa kwanza ulijengwa Goreangab, papo hapo Windhoek. Mwaka 2002 ulifuatwa na mpya wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 21 kwa siku, sawa na maboza 2,100 ya lita 10,000. Hiyo ni kama robo ya mahitaji ya mji.

Husafishwaje? Kwanza maji taka ya majumbani hupita kwenye mtambo wa kawaida, ambako bakteria hula uchafu na tope hutuama. Yanapofika Goreangab, hutiwa kemikali inayokusanya chembechembe zikawa mabonge, kama shabu inavyofanya kwenye ndoo ya maji ya mto. Mabonge hayo hupandishwa juu kwa viputo vya hewa na kuenguliwa kama povu la mchuzi. Kisha maji huchujwa kwa mchanga, yakapigwa gesi ya ozoni inayoua vijidudu na kuvunja mabaki ya dawa na kemikali, yakapita kwenye mkaa maalumu unaonasa kile ozoni ilichokivunja. Halafu huja utando wenye vitundu vidogo mno, hata vimelea vya kuharisha visivyoogopa klorini havipenyi. Klorini yenyewe hutiwa mwishoni, ili kulinda maji yakiwa njiani kwenye mabomba.

Ngazi ni nyingi kwa makusudi. Moja ikishindwa, nyingine hudaka. Vipimo hufanywa mfululizo, na maji yasiyofikia kiwango hayaruhusiwi kwenda mjini. Hata yanayofaulu huchanganywa na ya mabwawa na visima, yasizidi asilimia 35. Utafiti wa kiafya uliofanywa huko miaka ya 1970 na 1980 haukuona kwamba wanaoyanywa waliharisha zaidi ya wengine.

Lakini kwa maoni yangu, ustadi mkubwa wa Windhoek uko nje ya mtambo. Maji taka ya viwanda yametengewa mabomba yake na mahali pake pa kusafishiwa, kwa sababu kinyesi, hata kikichukiza vipi, ni rahisi kukisafisha kuliko sumu za kiwandani. Hapo ndipo ushirikiano unapopimwa: kiwanda kimoja kikimwaga kemikali usiku kwenye bomba la majumbani, kazi ya mji mzima imeharibika. Ushirikiano ulivuka mipaka pia: fedha za mtambo mpya zilitoka kwa wakopeshaji wa Ulaya, na wataalamu wa nchi tajiri huenda Windhoek kujifunza. Si mara nyingi safari huwa za upande huo.

Kinyaa ndicho kizuizi kigumu. Mtafiti Lukas van Vuuren, mmoja wa waasisi wa kazi hiyo, alishikilia kwamba maji yapimwe kwa ubora wake, si kwa yalikotoka. Wanazuoni wa Kiislamu walifika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji taka yaliyosafishwa hadi athari ya najisi ikatoweka katika rangi, ladha na harufu yanafaa kwa udhu, na hata kwa kunywa iwapo hayadhuru afya. Sharti hilo la mwisho ndilo kazi ya maabara, maana virusi havina rangi wala harufu.

Sehemu nyingine zimechagua njia ya kuzunguka. Orange County, California, husafisha maji taka na kuyazamisha ardhini, yachotwe baadaye visimani. Singapore ilizindua maji yake ya aina hiyo mwaka 2003. Mengi huenda viwandani, na kiasi huingizwa mabwawani kabla ya kusafishwa tena.

Huku kwetu pia maji taka hutumiwa tena, ila mara nyingi hatuyasafishi. Kandokando ya mito michafu ya Dar es Salaam na Nairobi, mboga humwagiliwa maji yenye kinyesi na mabaki ya viwanda, kisha hupelekwa sokoni. Mkulima hana chanzo kingine, na mlaji haulizi. Kati ya maji hayo na bilauri ya Windhoek, mimi ningechagua bilauri. Nawe ukinunua mchicha kesho, muulize muuzaji umemwagiliwa maji ya wapi.