Kumpeleka Mwana Chuo Kikuu cha Kanisa

Kila yatangazwapo matokeo ya kidato cha sita, huzuka katika nyumba nyingi za Tanzania mjadala usiokwisha upesi: mwana aombe nafasi katika chuo kikuu cha serikali, ambako waombaji ni wengi, ama apelekwe katika chuo kikuu cha binafsi kilicho chini ya kanisa, ambacho baba hukisifia adabu na mama hukihesabia ada, ilhali mwana mwenyewe, ambaye ndiye atakayekaa huko miaka mitatu au zaidi, aghalabu huulizwa wa mwisho.

Jambo hili ni jipya kuliko lidhaniwavyo. Kwa takribani miaka 30 ya mwanzo ya uhuru elimu ya chuo kikuu ilikuwa amana ya serikali peke yake, kwanza katika chuo cha Dar es Salaam kilichoanza 1961, kisha na kile cha Sokoine huko Morogoro tangu 1984; na kwa sheria ya elimu ya 1969 hata shule nyingi za misheni zilitwaliwa na dola. Milango ilipofunguliwa katika miaka ya tisini, Walutheri waliasisi Chuo Kikuu cha Tumaini, Wakatoliki wakaipandisha Nyegezi, kando ya Mwanza, kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino 1998, na Waanglikana wakafuata 2007 kwa chuo chao cha Mtakatifu Yohana, Dodoma.

Atakaye kukijua chuo cha kanisa na aanze kuuliza kanisa hilo lilikuwa likifanya kazi gani mahali pale kabla ya kuwa na chuo. Nyegezi haikuanza na majoho ya mahafali; ilianza 1960, pale Askofu Joseph Blomjous alipoweka taasisi ya mafunzo ya jamii, na uandishi wa habari ukapata hapo maskani ya kudumu, hata leo katika vyumba vya habari vya nchi hii si kazi kumpata mhariri aliyepitia Nyegezi. Na udaktari ni vivyo hivyo. Hospitali ya KCMC huko Moshi na ile ya Bugando huko Mwanza zilifunguliwa zote mbili 1971 kwa juhudi za makanisa, zikautibu umma kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya kuanza kufundisha shahada ya udaktari. Basi mwanafunzi aingiaye hapo hayasomi maradhi katika vitabu tu, bali huyakuta wodini, kwa wagonjwa waliosafirishwa kutoka wilaya za mbali, mbele ya mabingwa ambao kutibu na kufundisha kwao ni kazi moja. Elimu ya namna hii haipatikani kwa kujenga ukumbi wa mihadhara na kuupaka rangi.

Lakini yako pia madarasa yaliyofunguliwa kama duka lifunguliwavyo kwa kuwa jirani naye ana duka: shahada ya biashara, ya sheria, ya ualimu, si kwa sababu wapo wajuzi wa kuzifundisha, bali kwa sababu wapo watu wa kuzilipia. Chuo kitegemeacho ada kwa kila kitu hutikisika wanafunzi wapunguapo, na mtikisiko huo humfikia kwanza mhadhiri, naye akauhamishia darasani kwa kufundisha vyuo viwili ama vitatu kwa wiki moja. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na miongoni mwao vilikuwamo vya makanisa. Msalaba wa langoni haukuvikinga.

Habari ya adabu, ambayo wazazi huitanguliza, mimi naipa uzito mdogo. Ni kweli kwamba chuo cha kanisa huwa na kasisi au mchungaji wake, ibada zake na sheria zake za mavazi, na ni kweli pia kwamba penye wanafunzi wachache mwalimu huweza kumjua mwanafunzi kwa jina na kugundua ghaibu yake, ambalo ni jambo la thamani kubwa. Walakini mabweni mara nyingi hayatoshi, wengi hupanga vyumba mitaani, na huko hakuna kengele ya sala. Kijana wa miaka 20 asiyejiongoza hataongozwa na ukuta.

La dhamiri ni zito zaidi, na insafu yataka litazamwe pande zote. Muislamu aweza kusoma Nyegezi na akahitimu pasipo kuulizwa imani yake, lakini ni haki yake kujua kabla ya kwenda iwapo atapata mahali na saa ya sala ya Ijumaa. Huko Kenya, katika chuo cha Baraton cha Waadventista, Jumamosi haina vipindi. Jambo hilo humshangaza mgeni, ila kwa kijana Msabato aliyekwisha kupangiwa mtihani siku ya Sabato katika chuo kingine, hiyo ni rehema asiyoweza kuipata kwa fedha.

Ama fedha zenyewe, Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, huwakopesha hata waliomo vyuo vya binafsi. Lakini mkopo haufiki kila mara kiwango cha ada yote, na zile fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, si za kujazia pengo hilo. Mzazi asiyejua tofauti hiyo mapema huja kuijua mtihani ukikaribia, mwana akizuiliwa kwa deni. Na mkopo hulipwa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, awe mkopaji alisoma Mlimani, chuo cha Dar es Salaam, ama Makumira, chuo cha Walutheri.

Kwa rai yangu, anayetaka udaktari, uuguzi au uandishi wa habari, naye ana njia ya kulipa, asisite kukitanguliza chuo cha kanisa lenye kazi kongwe katika fani hiyo. Anayetaka shahada ipatikanayo kila mahali, atangulize cha serikali. Na wewe mzazi, kabla ya kulipa hata shilingi, nenda chuoni siku ya kazi wala si siku ya mahafali, uombe kuonyeshwa ithibati ya programu yenyewe, si ya chuo tu, na uulize ni wahadhiri wangapi wa programu hiyo walioajiriwa pale moja kwa moja.