Kisanduku cha Kutafutia: Mbona Tusipewe Nafasi ya Kukizima?

Mwaka huu naomba ukurasa nieleze jambo tunalolipita kila siku bila kulitazama, nalo ni kile kisanduku cha kutafutia kilicho chini ya kioo cha tarakilishi. (Mtaani twasema kompyuta tu, lakini hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, mwalimu mlezi asije akanikata alama.)

Ukiandika neno humo, mashine hufanya kazi mbili. Kwanza hutafuta faili zako mwenyewe. Ili iwe na mbio, huwa imekwisha kupitia majina ya faili na maneno yaliyomo na kuyaweka katika faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu cha Jiografia. Kazi ya pili ni kulichukua neno lako na kulipeleka nje, kwa Bing, ili kukuletea majibu ya intaneti. Haipigi hodi. Wewe waandika tu, herufi zinaondoka. Microsoft ilichanganya kazi hizi mbili katika Windows 8.1 mwaka wa 2013, na Windows 10 ya mwaka wa 2015 ikafuata nyayo. Mnamo Februari 5, 2020, watu wengi walifungua kisanduku wakakikuta kitupu kwa sababu ya hitilafu huko kwenye mitambo ya kampuni. Jama! Faili imo ndani ya mashine yako, na huioni kwa kuwa kitu kimeharibika ng'ambo!

Sasa tuje huku kwetu. Likoni, Kisauni na Changamwe, wengi hawana mashine nyumbani, huenda saiba. Huko mashine moja hutumiwa na watu wengi kwa siku. Huyu anapiga chapa barua ya kuomba kazi, yule anaskani kitambulisho, mama mmoja ana karatasi za hospitali. Mteja wa jioni akiandika "kitambulisho" kisandukuni, huenda akaletewa vya watu asiowajua, kama havikufutwa. Na mtu aandikapo jina la ugonjwa wake akitafuta faili yake, neno lile hutoka nje ya chumba kile bila yeye kuulizwa. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Tena mashine nyingi ni za mitumba, zenye diski za kuzunguka. Faharasa ikianza kutengenezwa, taa inamemeteka na kipanya kinakwama, nawe walipia dakika.

Halafu kuna la Kiswahili. Utafutaji huu, ukiingia ndani ya maandishi, hulifuata neno kuanzia mwanzo wake. Ukiandika "pik", utapata "pikia" na "pikwa", lakini "walipika" na "tulipika" utayakosa, maana lugha yetu huvaa viambishi mbele. Sasa kitu kizito hivyo, na bado hakijui ngeli!

Sisemi kitolewe kwa kila mtu. Mwenye faili elfu kitamfaa. Ninachotaka ni swichi iliyo wazi. Kwa sasa njia zipo lakini zimejificha. Mwenye mamlaka ya mashine anaweza kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika services.msc, akaitafuta huduma ya Windows Search, akaisimamisha na kuizuia isiwake tena. Hapo faharasa imekoma. Kuzuia majibu ya Bing ni kazi nyingine: njia moja ni kuingia katika rejista, ile hazina ya mipangilio ya ndani, na kuongeza thamani iitwayo DisableSearchBoxSuggestions. Ukikosea huko mashine inaweza kugoma kuwaka, kwa hivyo muite anayejua.

Swichi si jambo gumu kwao kuweka. Ubuntu ilipoleta bidhaa za Amazon ndani ya kisanduku chake Oktoba 2012, watu waliteta, na Richard Stallman akaiita programu ya kipelelezi. Swichi ya kuzima ilikuwepo, na kufikia toleo la 16.04, Aprili 2016, majibu ya nje hayakuja tena mpaka uyaombe mwenyewe. Ulaya nako walitunga sheria ya masoko ya kidijitali. Novemba 2023 Microsoft ikatangaza kwamba watumiaji wa huko wataweza kuiondoa kabisa Bing kisandukuni, na masharti yakaanza kubana Machi 2024. Windows ya Berlin na ya Bamburi ni ile ile. Kilichotofautiana ni sheria.

Nasi tuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinacholinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwenye saiba mmoja huku Kisauni, mzee mpole, amekubali tuzime huduma ile katika mashine mbili. Ya tatu haijaguswa bado, maana haikosi mteja.