Chuma Chakavu Kisihukumiwe kwa Makosa ya Wezi

Kenya haina mgodi mkubwa wa chuma. Nondo zinazoinua magorofa ya Nairobi na Mombasa hutokana ama na chuma kilichonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ama na chuma chakavu kilichokusanywa mitaani kwa mkokoteni, kikapimwa kwa kilo, kisha kikayeyushwa katika tanuru la umeme. Njia hii ya pili inastahili kulindwa kama sekta ya viwanda, lakini ikitajwa hadharani, mara nyingi hutajwa pamoja na wizi.

Kutengeneza tani moja ya chuma kipya huhitaji takriban tani moja na nusu ya mawe ya madini, pamoja na makaa ya mawe ya kuondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya mawe hayo. Kazi hiyo ndiyo inayochafua hewa kuliko zote, na chuma chakavu kimekwisha kuipita. Kinachobaki ni kukiyeyusha tu. Kwa alumini nafuu ni kubwa zaidi: sufuria iliyotoboka huyeyushwa kwa karibu asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kutengeneza alumini kutoka kwenye bauksiti. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na mabwawa ya Mto Tana, tanuru la umeme hapa huchafua hewa kidogo kuliko katika nchi zinazochoma makaa. Faida ya fedha nayo hugawanyika mapema: mwokotaji hupata chake, mwenye mizani chake, na fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, hugeuza pipa kuukuu kuwa jiko au karai.

Wanaopinga biashara hii wana hoja nzito. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi na nchi nzima ikaingia gizani. Uharibifu wa wezi wa vyuma vyake ukalaumiwa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu. Hasira ile inaeleweka, kwani mnara ukianguka hata chumba cha upasuaji hukosa umeme. Lakini marufuku ilimfungia njia mwokotaji wa makopo pamoja na mwizi wa nyaya, na haikudumu. Miezi michache baadaye biashara ilifunguliwa tena chini ya masharti mapya. Tayari kulikuwa na Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015, inayodai leseni na kumbukumbu za ununuzi. Kilichokosekana ni usimamizi.

Somo la Owino Uhuru, Mombasa, ni chungu zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa madini ya risasi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri zile zilihitaji kurejelezwa, maana zikitupwa jalalani risasi yake huishia ardhini na majini. Hazikupaswa kuyeyushwa ukutani mwa nyumba za watu. Basi ukaguzi uanzie tanurini. Mikokoteni ni maelfu na haihesabiki, lakini matanuru makubwa ni machache na anwani zake zinajulikana. Mwenye tanuru akilazimika kuonyesha kila shehena ilitoka kwa nani, na moshi wake ukapimwa bila kumpa taarifa, kipande cha mnara wa umeme kitakosa mnunuzi.