Nani Mlinzi wa Mto?

Juma lililopita, nikiwafundisha wanafunzi wangu hapa Machakos juu ya uhifadhi wa mazingira, niliwapa jibu ambalo walimu wengi tumezoea kulitoa: kwamba kuyalinda mazingira ni wajibu wa kila mtu. Kijana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, mchanga uliojenga darasa hili ulitoka wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa jibu nililijua. Mchanga ule ulitoka katika mto ule ule ambao jamaa za wanafunzi hao huchota maji.

Tangu siku hiyo nimeanza kulitilia shaka jibu letu. Kusema kwamba jambo ni la kila mtu, mara nyingi, ni kusema kwa adabu kwamba si la mtu yeyote.

Msomaji asiyeijua Ukambani huenda akashangaa kusikia mchanga ukililiwa. Mito yetu mingi haina maji ya kuonekana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji yake yamo chini, yamehifadhiwa katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliwezi kuyakausha upesi. Akina mama hufukua shimo, wakangoja, wakateka. Mchanga ukichukuliwa, mto hugeuka kuwa mfereji mtupu: mvua ikinyesha maji hupita mbio, kingo hubomoka, na visima vya jirani hukauka. Kila lori linaloondoka limebeba mchanga limebeba pia maji ya msimu wa kiangazi.

Basi, nani alinde? Wapo wasemao ni kazi ya serikali. Historia ya Machakos inatufundisha tusiharakishe kukubali. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ilitajwa na wakoloni kuwa mfano wa kutisha wa mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1938 serikali iliwatwaa ng'ombe kwa maelfu ili kupunguza mifugo. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kulalamika. Serikali ililegeza amri, lakini Muindi alihamishiwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba makinga maji, na kazi ile ikachukiwa kwa kuwa ilikuwa ya amri. Si ajabu kwamba baada ya Uhuru mwaka 1963 ilizorota kwa muda.

La kustaajabisha ni yaliyofuata. Watu wale wale waliyarudia makinga maji kwa hiari yao. Kupitia vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake, walichimba matuta ya fanya juu mlima kwa mlima. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza habari hizo katika kitabu chao cha mwaka 1994: wakazi wa wilaya walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kama milioni 1.4 kufikia mwaka 1990, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Kwa nini? Kwa sababu shamba lilikuwa na mwenyewe. Aliyechimba tuta ndiye aliyevuna mahindi, na mwanawe ndiye aliyerithi.

Lakini mto hauna hati ya kumiliki. Anayeuacha mchanga leo hana hakika kwamba jirani yake hatauuza usiku. Hapo ndipo hiari ya mtu mmoja inaposhindwa, na hapo ndipo serikali inapohitajika kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 69 inamwajibisha kila mtu kushirikiana na vyombo vya dola kuyahifadhi. Jirani zetu wa Makueni walitunga sheria yao ya mchanga mwaka 2015. Hata hivyo, sheria haina macho ya kukesha mtoni. Wenye macho hayo ni wakazi.

Najua nitaulizwa: vijana wanaopakia mchanga watakula nini? Swali hilo ni la haki. Kijana mwenye sepetu hupata ujira mdogo, ilhali faida kubwa huenda mbali naye. Kumkamata yeye na kuliachilia lori ni kukata tawi na kuutunza mzizi. Na sisi wanunuzi je? Nilipojenga nyumba yangu nilinunua lori tatu za mchanga, nikauliza bei tu. Sikuuliza umetoka wapi. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta kwanza, na ufa tumeuacha mtoni.

Kwa maoni yangu, wajibu ugawanywe kwa majina. Wakazi wa kando ya mto wapewe mamlaka ya kuamua mchanga utolewe wapi, lini, na kiasi gani, na sehemu ya fedha ibaki kwao, vijana wapakiaji wakiwemo. Kaunti ilizuie lori linalokaidi uamuzi huo, awe nani mwenye lori. Mnunuzi, iwe shule, kanisa au mwalimu kama mimi, asilipe kabla ya kujua mchanga umetoka wapi. Jambo hili linawezekana. Pande za Kola, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vikundi vya kujisaidia vimejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ili kuuzuia mchanga, na maji yakabaki pamoja nao. Hawakusubiri kulazimishwa, kwa kuwa walijua ni nani atakayeyanywa maji hayo.

Kesho nitarudi darasani. Nitawaambia wanafunzi wangu kwamba jibu langu lilikuwa na upungufu. Nitawaomba waandike orodha ya watu waliohusika tangu mchanga ulipotoka mtoni hadi ukawa ukuta, na kando ya kila mmoja waandike wajibu wake. Jina langu nitaliandika mwenyewe ubaoni.